Kaunta buku ya kwaya nne kwa mwenye kichwa cha tarehe: tumeipima

Kwaya moja ya kaunta buku ni kurasa 96, kwa hiyo kwaya nne ni kurasa 384. Mwaka mrefu una siku 366, na kila tarehe hupewa ukurasa wake mmoja, wa kujazwa miaka mitano. Toa, zinabaki kurasa 18. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayolifanya daftari hili la makarani na watoto wa skuli liwashinde shajara za ngozi bandia zinazopangwa mbele ya maduka kila Disemba. Halimfai kila mtu. Linamfaa yule ambaye ukoo mzima ukimuuliza "fulani kazaliwa lini?" anajibu siku, tarehe, kwamba asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na kwamba aliyeleta habari alikuja na kanga ya kuazima.

Tunayoipima hapa ni kaunta buku ya A4, jalada gumu, kwaya nne, kama zinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya skuli Unguja na Pemba: Darajani, Mlandege, Chake Chake na Wete. Tumeilinganisha na vitu viwili ambavyo mtu wa aina hii huwa navyo tayari: kalenda ya ukutani yenye tarehe za Miladia na Hijria, na kalenda ya simu.

Kwanza ijulikane kinachotafutwa. Mwenye kumbukumbu kali hana haja ya pahala pa kuhifadhia. Tarehe zimo kichwani, na hazitoki hata akitaka zitoke. Anachokosa ni shahidi. Utafiti wa jambo hili ulianzia Marekani: mwaka 2006 Elizabeth Parker, Larry Cahill na James McGaugh walichapisha habari za mwanamke waliyemwita AJ, ambaye akitajiwa tarehe ya miaka ya nyuma alisema ilikuwa siku gani ya wiki na yeye alikuwa akifanya nini. Baadaye alijitambulisha mwenyewe, Jill Price. Watafiti hawakumsadiki kwa mdomo mtupu. Alikuwa ameandika shajara miaka na miaka, na majibu yake yakapimwa kwa kurasa zile. Kisha mwaka 2013 Lawrence Patihis na wenzake wakawachukua watu 20 wenye kumbukumbu kama hiyo na 38 wa kawaida, wakawawekea mitego ya kukumbuka kisichokuwapo: orodha za maneno yanayoelekeana, na picha za tukio zinazofuatiwa na maelezo yenye uongo ndani yake. Wenye kumbukumbu kali walinasa kama wenzao.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: mtu wa tarehe akikosea, hukosea kwa sauti ileile anayotumia akipatia. Hatetereki. Kwa hiyo chombo chema kwake ni kile kinachoweza kumwambia "sivyo", na hapo ndipo tulipovipima vitu hivi vitatu.

Kalenda ya ukutani haichukui muda kuimaliza. Ni nzuri kwa kutazama leo ni mwezi ngapi, lakini haina nafasi ya kuandika na mwisho wa mwaka hutupwa au hufungiwa vitumbua. Kasoro kubwa zaidi imo katika tarehe zake za Hijria. Hizo hupigwa hesabu na kuchapishwa kabla mwezi haujaandama, na mwezi wa huku huandama ukionekana. Ikawa tofauti ya siku moja, kalenda yote ya mwezi ule imekwenda upande. Tena wapo wanaofuata mwezi wa hapa na wapo wanaofuata mwezi ulioonekana kwengine, na Idi ikaswaliwa siku mbili katika mtaa mmoja. Mtu akisema "alizaliwa Idi mosi", kalenda haiwezi kukwambia Idi ya nani.

Simu ina nguvu zaidi, na ina hatari zaidi kwa sababu huaminiwa. Kalenda ya Google na ile ya iPhone zote zinaweza kuonyesha tarehe za Hijria kando ya Miladia, ukiwasha kalenda ya pili kwenye mipangilio. Lakini nazo ni hesabu, si mwandamo. Ukiweka tukio lijirudie kila mwaka, hujirudia kwa Miladia, ilhali hitma ya mzee inayosomwa kila Rajabu husogea nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. Halafu kuna picha. Picha iliyopitia WhatsApp huvuliwa tarehe ya kupigwa. Jina lake kwenye simu za Android, mathalan IMG-20230514-WA0003, linabeba siku ilipotumwa au kupokelewa. Picha ya harusi ya 2009 iliyorushwa kwenye kundi la ukoo mwaka 2023 itajipanga kati ya picha za 2023. Mwenye kichwa chake hatababaika, lakini wajukuu wataisadiki simu.

Na vyote viwili, ukutani na simuni, vinaanguka mbele ya usiku wetu. Kwa simu siku mpya huanza saa sita za usiku. Kwa mwezi wa mwandamo huanza jua likitua. Meli ya MV Spice Islander ilitoka Unguja kwenda Pemba Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011 na kuzama usiku huohuo wa kuamkia tarehe 10. Mmoja atasema "Ijumaa usiku", mwengine "usiku wa Jumamosi" kwa lugha ya wazee ambayo usiku hutangulia mchana wake, na kumbukumbu rasmi zitasema Jumamosi tarehe 10. Wote watatu wamepatia, na barazani watagombana mpaka adhana. Kisanduku cha kalenda hakina pa kuandika "kuamkia". Mstari wa daftari unapo.

Sasa kaunta yenyewe.

Ukiwa dukani usisome namba iliyopo kwenye jalada tu. Hesabu karatasi: kwaya nne kamili ni karatasi 192, na kwa kazi hii huwezi kushuka chini ya 183. Kisha litazame daftari kwa juu, pale karatasi zinapoingia kwenye mgongo. Ukiona mafungu yaliyokunjwa na uzi ukipita katikati ya kila fungu, limeshonwa. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kuzamishwa kwenye gundi tupu, liache. Daftari hili litafunguliwa kila siku kwa miaka mitano, kila siku pahala tofauti, na gundi kwenye joto letu hulainika, ikipoa hukatika. Kurasa za kati, yaani Juni na Julai, ndizo huchomoka mwanzo. La kushonwa nalo likiwa jipya usilifungue kati kwa nguvu. Lilaze kwa mgongo, shusha jalada la mbele, shusha la nyuma, kisha laza karatasi chache za mbele na chache za nyuma kwa zamu mpaka ufike katikati. Dakika tano tu, na mgongo hautapasuka.

Hesabu na mistari. Ukipata 32, miwili ya juu ni ya kichwa cha ukurasa na 30 inayobaki inagawika kwa tano: mistari sita kwa kila mwaka. Ikiwa 34, kichwa kipewe minne. Ikiwa chini ya 30, mistari mitano kwa mwaka inatosha, ila utajibana.

Upigaji namba ndio moyo wa kazi. Namba ya ukurasa iwe ndiyo namba ya siku katika mwaka mrefu, na tarehe 29 Februari ipewe ukurasa wake wa 60, hata kama utakaa mweupe miaka mitatu kati ya minne. Januari inaanza ukurasa wa 1, Februari 32, Machi 61, Aprili 92, Mei 122, Juni 153, Julai 183, Agosti 214, Septemba 245, Oktoba 275, Novemba 306, Disemba 336, na tarehe 31 Disemba inaangukia 366. Andika namba zote kwanza, kwa penseli, kabla hujaandika neno lolote. Kosa la kawaida ni kurasa mbili kugandana karibu na mwanzo wa fungu. Ukiruka moja usiligundue, tarehe zote za mbele zimehama. Kagua kila ukifika mwanzo wa mwezi. Septemba mosi isipokuwa 245, rudi nyuma utafute.

Kichwa cha ukurasa kibebe tarehe na mwezi tu, na mwezi uwe kwa neno. "7 Aprili", si "7/4", kwa sababu picha na hati zilizopigwa kwa mtindo wa Kimarekani hutanguliza mwezi, na hapo tarehe 7 Aprili huonekana tarehe 4 Julai. Jina la siku lisiandikwe kichwani: linasogea siku moja kila mwaka, na mbili baada ya Februari ya mwaka mrefu. Ukurasa wa 12, kwa mfano, tarehe 12 Januari ilikuwa Jumapili 2025, Jumatatu 2026. Itakuwa Jumanne 2027, Jumatano 2028, kisha itaruka hadi Ijumaa 2029. Tarehe ya Hijria nayo ni hivyo, tena zaidi. Zote mbili zinaingia kwenye mstari wa kwanza wa mwaka wake.

Mistari sita hiyo wengi huiharibu kwa kuandika insha. Huyu mtu ana insha kichwani. Wa kwanza: mwaka, siku, tarehe ya mwandamo, na herufi moja kuonyesha ni mwezi wa huku au wa kwengine. Wa pili: jambo lenyewe, na kama ni la usiku, "kuamkia". Wa tatu: waliokuwapo. Wa nne ni wa kitu kimoja kidogo kisichoweza kubuniwa kirahisi, mfano mlango gani uliogongwa, samaki gani alipikwa, nani alivaa kandambili zisizofanana. Wa tano: chanzo. Wa sita uachwe wazi kwa masahihisho. Usijaze huo, hata siku ikiwa nono namna gani.

Chanzo kiwe herufi tu: M kwa ulichoshuhudia, S kwa ulichosikia, H kwa hati, P kwa picha. Mtu wa kumbukumbu kali huteleza hasa baina ya M na S. Kisa akisikia mara kumi kwa mama yake, na kila mara kwa rangi ya nguo ileile, mwisho hujiona alikuwapo. Tarehe yake ya kuzaliwa inatosha kumuumbua: alikuwa na miezi minane.

Njia ya kulifanya daftari liwe shahidi ni kutumia vyombo viwili. Kwa penseli andika kile kichwa kinachosema, kabla hujafungua hati yoyote. Kwa peni andika hati inachosema, chini yake, bila kufuta penseli. Ukifuta umepoteza kipimo. Baada ya miezi michache utaona aina ya makosa ya mhusika. Karibu kila mtu ana aina yake. Yuko anayepatia siku na mwezi lakini akakosea mwaka. Yuko anayepatia siku ya wiki na kuhama wiki nzima mbele au nyuma. Na hati zenyewe zisipewe utakatifu: tarehe ya kuandikishwa si tarehe ya kuzaliwa, na cheti cha mtu wa zamani chenye 1 Januari mara nyingi kinasema tu kwamba aliyeandikisha hakuijua siku.

Siku ya wiki inapimika bila kalenda yoyote. Katika mwaka wowote, 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Disemba huangukia siku moja, tuiite siku ya mhimili. Na siku hiyohiyo ndiyo ya 9 Mei, 5 Septemba, 11 Julai na 7 Novemba. Mwaka 2011 ilikuwa Jumatatu. Basi 5 Septemba ni Jumatatu, na tarehe 10 ni Jumamosi. Andika siku ya mhimili ya kila mwaka ndani ya jalada la mbele, mwaka mmoja mstari mmoja.

Kurasa 18 za mwisho zina kazi. Kumi na mbili ni za miezi ya mwandamo, mwezi mmoja ukurasa mmoja, kuanzia mfungo mosi mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Kando ya jina hilo tia la Kiarabu lililopo kwenye kalenda, kwani kijana hajui kuwa mfungo sita ndio Rabiul-awwal, na bibi hana habari na Rabiul-awwal zaidi ya Maulidi. Hapa ndipo panapokaa hitma, na mambo yote yanayohesabiwa kwa mwandamo. Eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, ihesabiwe kwenye kurasa hizi, si kwenye zile za Miladia. Miezi ya mwandamo ni ya siku 29 au 30, na anayehesabu kwa miezi ya Miladia huichelewesha. Wakulima na wavuvi wanaofuata mwaka wa Nairuzi, wenye miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za ziada, watapata shida kidogo. Hakuna nafasi yake iliyobaki, labda uandike namba ya mwongo pembeni mwa ukurasa.

Kurasa tatu zinazofuata ni za nguzo: matukio ya wazi ambayo tarehe zake hazina ubishi, ya kupimia mengine. Uhuru wa Zanzibar, Jumanne 10 Disemba 1963. Mapinduzi, Jumapili 12 Januari 1964, siku chache kabla ya Ramadhani. Muungano, Jumapili 26 Aprili mwaka huohuo. Kuuawa kwa Mzee Karume, Ijumaa 7 Aprili 1972. Kuzama kwa meli ya MV Skagit, Jumatano 18 Julai 2012. Kuporomoka kwa sehemu ya jumba la Beit al Ajaib, Ijumaa 25 Disemba 2020. Kufariki kwa Maalim Seif, Jumatano 17 Februari 2021. Kwa Unguja ongeza giza mbili, maana hizi ndizo zinazochanganywa kuliko kitu chochote. La kwanza, umeme ulikatika 21 Mei 2008 ukarudi 18 Juni, Jumatano hadi Jumatano, wiki nne. La pili lilianza 10 Disemba 2009 likachukua takriban miezi mitatu. Anayekuapia kwamba mtoto wake alizaliwa "ule mwaka hakuna umeme, tukifungua saumu kwa vibatari" amechanganya, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hizo lililoingia Ramadhani. Ramadhani ya 2008 ilianza mwanzo wa Septemba. Akisema Maulidi, anaweza kuwa sawa: mfungo sita wa giza la pili ulianza katikati ya Februari 2010.

Kurasa tatu zilizosalia ni za vitu visivyo na tarehe. Vimo tele hata kwa mtu huyu, ila havikiri.

Kuhusu wino: peni ya kawaida, ya wino wa mafuta. Peni za jeli huandika vizuri na zinapendeza, lakini tone moja la maji ya dari linatosha kuufanya mwaka mzima kuwa wingu la buluu. Karatasi ya kaunta nyingi ni nyembamba, kwa hiyo ukikandamiza maandishi hutokea upande wa pili. Weka kadi ngumu chini ya ukurasa unaoandika.

Hifadhi ndiyo inayoliua daftari hili hapa kwetu. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hunyonya maji na kuyatoa ndani, na masika, Machi hadi Mei, jalada likigusana na ukuta huota ukungu kwa siku chache. Liwe kiganja kizima mbali na ukuta, limesimama, si chini ya godoro. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa unazidisha ubaya, unyevu uliomo hauna pa kutokea. Vika jalada karatasi ya kaki kama vitabu vya skuli na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vitie sandukuni. Karafuu kabatini ni desturi njema kwa nguo, lakini zisigusane na karatasi, mafuta yake huacha doa. Kaskazi ikiingia na hewa ikakauka, lifungue kivulini kurasa zipepewe. Usilianike juani, wino wa buluu hupauka na mgongo hupinda.

Sanduku liwe na kufuli. Mtu anayekumbuka ni nani aliyekopa mchele mwezi gani na akasema nini alipodaiwa hana marafiki wengi barazani, na hayo yakiwa kwenye maandishi marafiki watapungua zaidi. Madeni yasiingie kabisa.

Kwa jumla tunaipa kaunta ya kushonwa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni ya karatasi nyembamba, na ya uzi unaolegea mwaka wa tatu kwenye mafungu ya kati. Sindano ya kushonea makawa na uzi uliopakwa nta vinamaliza tatizo hilo kwa nusu saa, kwa kupitia matundu yaleyale. Ya gundi tunaipa mbili, na moja ya hizo ni kwa sababu bado ina kurasa 384. Kalenda ya ukutani ibaki ukutani. Simu iwe ya kupiga picha hati.

La mwisho kwa anayekwenda dukani: chukua mbili za kundi moja kwa pamoja. Shehena ikibadilika hubadilika na idadi ya mistari, na miaka mitano ya pili inapendeza ikikaa mstari kwa mstari na ya kwanza, ukurasa wa 254 ukitazamana na wa 254.